Bunduki ni ya nani? Chama, serikali na jeshi katika China ya chama kimoja

Kila ninapofundisha mifumo ya siasa kwa wanafunzi wa chuo hapa Mbeya, somo la China huanza na mchoro ulio sahihi kwenye karatasi lakini usiomsaidia mtu kuelewa chochote. Mwanafunzi huweka rais juu, chini yake waziri mkuu na mawaziri, pembeni bunge na mahakama, kisha huvuta mstari kutoka kwa rais hadi jeshini, kwa sababu amezoea Katiba yetu, ambayo ibara yake ya 33 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Mstari huo ndio wa kwanza ninaoufuta. Katika Katiba ya China ya 1982, rais wa nchi hapewi jeshi. Ibara ya 93 inalikabidhi jeshi kwa Kamisheni Kuu ya Kijeshi, na kamisheni hiyo nayo, ukiifuatilia mpaka kwenye shina lake, utakuta ni chombo cha chama kilichovikwa joho la dola.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima kuangalia nani alizaliwa kabla ya nani. Chama cha Kikomunisti cha China kiliundwa mwaka 1921. Jeshi lake linahesabu kuzaliwa kwake kuanzia tarehe 1 Agosti 1927, siku ya uasi wa Nanchang. Jamhuri ya Watu wa China ilitangazwa tarehe 1 Oktoba 1949. Jeshi, kwa hiyo, limeitangulia dola kwa miaka 22, na katika miaka yote hiyo lilikuwa na mwajiri mmoja tu, ambaye ni chama. Ilipopatikana serikali, jeshi halikuhamishwa likawekwa chini yake. Lilibaki palepale lilipokuwa, na serikali ikajengwa pembeni yake. Hata jina halikubadilika: mpaka leo ni Jeshi la Ukombozi wa Watu, na maofisa wake huapa utii kwa chama bila kuona haya wala kutafuta maneno ya kulainisha jambo hilo. Mao Zedong alilisema wazi mwaka 1938, kwamba chama ndicho kinachoiamuru bunduki na bunduki isiruhusiwe kamwe kukiamuru chama.

Chama chenyewe kimepangwa kwa ngazi ambazo msomaji wa Tanzania hatapata shida kuzitambua. Mkutano Mkuu hufanyika kila baada ya miaka mitano. Ule wa 2022 ulichagua Kamati Kuu yenye wajumbe kamili 205, ambayo kwa ukubwa na kazi inafanana zaidi na Halmashauri Kuu ya CCM kuliko Kamati Kuu ya CCM. Kamati hiyo nayo ikatoa Ofisi ya Siasa yenye watu 24, na ndani yake Kamati ya Kudumu yenye watu 7, akiwamo Katibu Mkuu. Kwa kanuni, walio chini huwachagua walio juu. Kwa desturi, majina hushuka kutoka juu yakiwa yameshakubaliwa. Upande wa serikali kuna Baraza la Serikali linaloongozwa na waziri mkuu, ambaye tangu Machi 2023 ni Li Qiang, na kuna Bunge la Umma lenye wajumbe wanaokaribia 3,000, ambalo hukutana kwa kikao kimoja kikubwa kwa mwaka. Ndani ya kila wizara kimo kikundi cha uongozi cha chama, na maamuzi mazito hupita hapo kabla ya kufika kwenye meza ya waziri.

Nguvu halisi ya chama juu ya serikali, hata hivyo, imekaa katika mafaili ya watumishi. Idara ya Oganaizesheni ya Kamati Kuu ndiyo inayojua nani amesomea wapi, nani alifanya vizuri wilayani, nani alipata onyo, na nani yuko tayari kupandishwa. Mkurugenzi wa shirika kubwa la umma, mkuu wa chuo kikuu na gavana wa jimbo, wote njia yao inapita kwenye idara hiyo. Jeshi peke yake ndilo lina mlango wake. Maofisa wa jeshi hushughulikiwa na Idara ya Kazi za Siasa iliyo chini ya Kamisheni Kuu ya Kijeshi, na raia wa Idara ya Oganaizesheni hawagusi mafaili hayo. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu hapo ndipo mfumo ulipokuja kuoza.

Sasa tuitazame Kamisheni yenyewe. Kwenye karatasi ziko mbili: moja ya chama, ambayo wajumbe wake huamuliwa na Kamati Kuu, na nyingine ya dola, ambayo huchaguliwa na Bunge. Watu ni walewale, ofisi ni ileile, mihuri ni miwili. Tofauti huonekana kwa miezi michache tu kila baada ya miaka mitano, kwa kuwa mkutano mkuu wa chama hufanyika karibu na mwisho wa mwaka ilhali Bunge hukutana Machi inayofuata. Xi Jinping alichukua uenyekiti wa Kamisheni ya chama Novemba 2012, na mtangulizi wake, Hu Jintao, akaendelea kuitwa mwenyekiti wa Kamisheni ya dola hadi Machi 2013. Sijawahi kukutana na mtu anayedai kwamba katika miezi hiyo kulikuwa na shaka yoyote kuhusu nani anaamuru. Kamisheni iliyotoka katika mkutano wa 2017 ilikuwa na watu 7, na raia kati yao alikuwa mwenyekiti peke yake. Waliobaki wote walikuwa majenerali. Mtu mmoja asiye mwanajeshi ndiye anayekiunganisha chama na vikosi vyote vya nchi, na kanuni ya sasa inataka mambo yote makubwa ya kijeshi yaamuliwe na yeye.

Kwa sababu hiyo kiti hicho kimekuwa na uzito kuliko vyeo vingine vyenye majina makubwa. Deng Xiaoping hakuwahi kuwa rais, hakuwahi kuwa waziri mkuu, wala hakuwahi kuwa Katibu Mkuu wa chama katika miaka aliyoitawala China. Alikuwa mwenyekiti wa Kamisheni ya Kijeshi kuanzia 1981 hadi 1989, na hilo lilitosha. Jiang Zemin aliachia ukatibu mkuu Novemba 2002 na urais Machi 2003, lakini uenyekiti wa Kamisheni ya chama aliushikilia mpaka Septemba 2004. Anayetaka kujua madaraka yamehamia wapi mjini Beijing na aangalie nani ana kiti hicho.

Lakini mtu mmoja juu, hata awe na nguvu namna gani, hawezi kulishika jeshi kubwa kiasi hicho kwa amri na hotuba. Kinacholishika kiko chini kabisa, kwenye kombania. Mnamo Septemba 1927, baada ya kushindwa vibaya na kutorokwa na askari wengi, Mao alikipanga upya kikosi chake katika kijiji cha Sanwan, na uamuzi mmoja wa pale umedumu hadi leo: kila kombania iwe na tawi la chama. Kombania ya China ina wakuu wawili, yaani kamanda na mwelekezaji wa siasa, na kwa kawaida mwelekezaji ndiye katibu wa tawi huku kamanda akiwa naibu wake. Askari gani aingizwe kwenye chama, nani apendekezwe kwenda kozi, nani apewe adhabu na mazoezi ya msimu yapangwe vipi, yote huletwa kwenye kikao cha tawi. Kuanzia rejimenti kwenda juu, mwelekezaji huitwa kamisaa wa siasa, na cheo chake ni sawa na cha kamanda. Amri nzito hutoka baada ya kamati ya chama ya kikosi kukubaliana. Kamanda hutekeleza upande wa mapigano na kamisaa upande wa watu. Risasi zikianza kulia, kamanda ana ruhusa ya kuamua papo hapo, ila baadaye atatoa maelezo mbele ya kamati.

Wanafunzi wangu huuliza kama mfumo huo haulicheleweshi jeshi. Unalichelewesha, na Wasovieti waliligundua hilo kwa gharama kubwa. Jeshi Jekundu lilianza na makamisaa mwaka 1918, kwa kuwa lilikuwa likitumia maofisa wa zamani wa mfalme ambao hawakuaminika. Lakini Oktoba 1942, katikati ya vita vya Stalingrad, Stalin aliwaondoa makamisaa na kurudisha amri mikononi mwa kamanda mmoja, akimbakiza ofisa wa siasa kama msaidizi tu. China haikufuata njia hiyo. Kwa maoni yangu sababu si ukaidi. Maofisa wa China hawakurithiwa kutoka kwa utawala uliopinduliwa. Wengi walikulia ndani ya chama, kwa hiyo kamisaa hakuwekwa amchunge mtu asiyeaminika bali alikuwa nusu ya pili ya uongozi uleule.

Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini mwenye umri wa kutosha atakuwa ameanza kukumbuka mambo ya kwetu, na ni haki yake. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Tanganyika Rifles ilivunjwa, na JWTZ ilipoundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, vijana wengi walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU. Wanajeshi waliruhusiwa kuwa wanachama, matawi yakafunguliwa makambini, na makamisaa wa siasa wakawapo. Jakaya Kikwete, kabla ya kuwa rais, alikuwa kamisaa wa siasa katika chuo cha maofisa cha Monduli. Mikoani nako, Mkuu wa Mkoa kwa miaka mingi alikuwa pia katibu wa chama wa mkoa. Hata hivyo TANU na CCM havikuwa vyama vya kikomunisti, na tofauti inayohusu mada yetu ni ya mpangilio: kwetu dola ilikuwapo tayari, ikalivunja jeshi ililorithi, ikaunda jipya, kisha ikalifungulia mlango wa chama. Mlango uliofunguliwa kwa sheria unaweza kufungwa kwa sheria, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi na maofisa wakalazimika kuchagua kati ya gwanda na siasa. Kikwete aliacha jeshi mwaka huo akiwa Luteni Kanali. Leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa kura anapiga. Nchini China hakuna mlango wa namna hiyo wa kufunga, kwa sababu ukilitoa jeshi kwenye chama hakuna sheria iliyoandaliwa ya kusema linakwenda kwa nani.

(Wazee wa hapa waliofanya kazi na Wachina wakati reli ya TAZARA ikijengwa, kati ya 1970 na 1975, wanawajua Wachina kama mafundi na wahandisi. Kuhusu chama chao, wengi husema hawakuwahi kusikia kikijadiliwa kazini.)

Kwenye majimbo ya China, kofia mbili huvaliwa na watu wawili. Kuna gavana, ambaye ni wa serikali, na kuna katibu wa chama, ambaye ndiye mkubwa. Katibu huyo pia huwekwa kuwa katibu wa kwanza wa kamati ya chama ya kamandi ya kijeshi ya jimbo lake, lakini asidhani amepata jeshi: kamandi za majimbo hushughulika na uandikishaji, wanamgambo na akiba. Vikosi vya mapigano viko chini ya kamandi 5 za maeneo, zilizochukua nafasi ya mikoa 7 ya kijeshi mwaka 2016, na hizo hupokea amri kutoka kwenye Kamisheni moja kwa moja. Tangu tarehe 1 Januari 2018 hata Polisi wa Umma wenye Silaha, waliokuwa wakipokea amri kutoka serikalini pia, wanaiitikia Kamisheni peke yake.

Nilisema kuna mahali mfumo ulipokuja kuoza. Chombo kinacholishika jeshi kwa ajili ya chama ndicho kinachopandisha vyeo, na kwa kuwa hakuna mkaguzi wa nje, si Bunge, si mahakama, si magazeti, vyeo viligeuka bidhaa. Xu Caihou aliongoza idara kuu ya siasa ya jeshi kabla ya kuwa makamu mwenyekiti wa Kamisheni, kisha akafukuzwa chamani mwaka 2014 kwa kupokea rushwa ili awapandishe watu vyeo. Mwenzake, Guo Boxiong, alifungwa maisha mwaka 2016. Waliowekwa kuhakikisha utii ndio waliokuwa wakiuuza. Xi alizivunja idara kuu nne za jeshi mwaka huohuo wa 2016 na kuweka vyombo 15 vidogo chini ya Kamisheni, pamoja na chombo cha nidhamu kinachojitegemea, lakini mkaguzi huyo mpya naye ni wa chama.

Kesi ya Waziri wa Ulinzi Li Shangfu inaonyesha yote haya kwa mpigo. Aliacha kuonekana hadharani mwishoni mwa Agosti 2023, akavuliwa uwaziri Oktoba, na mrithi wake, Dong Jun, hakuteuliwa mpaka mwishoni mwa Desemba. Kwa miezi miwili China haikuwa na waziri wa ulinzi, na hakuna kikosi kilichokosa amri kwa sababu hiyo, maana waziri wa China hupokea wageni, huhutubia mikutano ya nje na husaini mikataba, lakini hayumo kwenye mnyororo wa amri. Uzito wa Li ulitokana na ujumbe wake katika Kamisheni, ambao nao alinyang'anywa, na Dong Jun alipokabidhiwa wizara hakupewa kiti hicho.