Mgeni wa kaunta si mgeni wa sebuleni

"Sisi Wazanzibari tumezoea wageni, nani atufundishe?" Kauli hii huisikia kila ikitajwa semina ya kuwafunza watumishi namna ya kuwahudumia wahamiaji. Kweli, mgeni wa sebuleni tunamweza: anapewa maji, anaulizwa hali mpaka ya mbuzi wake. Wa kaunta ni mwengine. Ana fomu mkononi, foleni nyuma yake, na mbele yake mtumishi mwenye haraka.

"Mafunzo yenyewe ni kukariri mila: Mhindi hivi, Mngazija vile." Hapana. Kazi kubwa ni kuzitazama desturi zetu tulizozizoea mpaka hatuzioni. Chukua saa. Kliniki, nilimwandikia mama mmoja, mgeni wa miezi miwili tu, "saa 3" kwenye kadi ya mtoto. Akaja saa tisa alasiri, mtoto mgongoni, daktari kishaondoka. Kwao siku inaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza. Nikamfokea kabla sijafahamu. Siku hizi nachora saa ya ukutani na mishale yake, haina lugha.

Fomu nayo inataka jina lako, la baba na la babu. Watamil wengi, watu wa kusini ya India, huandika herufi tu ya jina la baba, kisha lao. Nao hapa tunao: IIT Madras, chuo cha teknolojia cha huko kwao, ilifungua tawi lake Unguja 2023. Ukimlazimisha mtu ajaze nafasi zote tatu atajaza, halafu faili lisilingane na pasipoti.

"Mngazija ndugu yetu, Kiswahili anakijua." Kingazija na Kiswahili ni lugha za kundi moja, la Sabaki, lakini ndugu si pacha. Wengi kwao wamesoma skuli kwa Kifaransa. "Ndiyo" anayokuitikia huenda ni adabu tu. Mwambie akueleze yeye namna atakavyotumia dawa, hapo utajua.

"Mwanawe atatafsiri." Mtoto wa miaka kumi, mamake anaulizwa habari za hedhi! Ataruka swali, au atasema hakuna kitu.

"Mtu wa bara naye mhamiaji." Tangu 26 Aprili 1964 ni raia wa nchi moja. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ni suala jengine.

Halafu wako wanaopaza sauti, wakidhani Kiswahili cha kelele kinaeleweka zaidi. Yule mama wa saa 3 nilisema naye hivyo hivyo. Masikio yake yalikuwa mazima.