Je, wajua? Bango la kutisha barabarani linaweza kuongeza ajali

Kuanzia Agosti 2012, mabango ya kielektroniki kwenye barabara kuu za jimbo la Texas, Marekani, yalianza kuwaonyesha madereva idadi ya watu waliokwisha kufa barabarani mwaka huo. Maneno yalikuwa machache, kwa mfano: "Vifo 1,669 mwaka huu katika barabara za Texas." Nia ilieleweka na kila mtu. Dereva asome, ashtuke, apunguze mwendo. Mwaka 2022 watafiti wawili, Jonathan Hall na Joshua Madsen, walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kilichotokea baada ya madereva kuyapita mabango hayo. Katika kilomita 10 zilizofuata, ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5.

Ziliongezeka. Hakuna kosa la uchapaji hapo.

Imani kwamba hofu huzaa uangalifu ni ya zamani, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ujumbe wa usalama ambao polisi huwapa raia: picha ya gari lililopondeka, orodha ya waliokufa wikiendi iliyopita, sauti nzito inayouliza kama uko tayari kuwaacha watoto wako yatima. Ukimuuliza dereva, atakuambia kwa dhati kwamba aliposoma takwimu ile alitulia. Askari naye atakuambia kwamba baada ya kampeni ajali zilipungua. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli na bado wakawa wamekosea.

Tuanze na askari, maana kosa lake ndilo gumu kuliona. Kampeni za usalama hazianzi siku yoyote tu. Huanza baada ya mwezi mbaya, pale ajali zinapofuatana hadi viongozi wakaulizwa maswali. Mwezi mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na mwezi wa kawaida, hata kama hakuna mtu aliyefanya lolote, kwa sababu sehemu ya ubaya ule ilikuwa ni bahati mbaya tu, na bahati mbaya haina mkataba wa kurudi kila mwezi. Kampeni ikizinduliwa katikati, itavishwa taji la ushindi ambao ungekuja wenyewe. Ndiyo maana kulinganisha "kabla" na "baada" katika sehemu moja karibu hakuthibitishi kitu, ingawa ndicho kipimo kinachopendwa zaidi katika ripoti.

Dereva naye anapima kwa kumbukumbu. Anakumbuka kuguswa, na kuguswa kunafanana sana na kuwa makini. Ila kuguswa ni jambo la moyoni, na kuendesha gari ni kazi ya macho, mikono na miguu. Hakuna sheria inayosema vitu hivyo lazima viende pamoja.

Texas iliwapa watafiti kitu adimu. Takwimu za vifo hazikuonyeshwa kila siku. Zilionyeshwa wiki moja tu kila mwezi, ile wiki inayotangulia kikao cha tume ya uchukuzi ya jimbo. Ratiba hiyo ya kiofisi haikuwa na uhusiano wowote na hali ya barabara, na kwa bahati ikageuka kuwa jaribio zuri. Iliwezekana kuchukua bango lilelile na barabara ileile, kisha kulinganisha wiki yenye takwimu na wiki zisizo nazo, na vilevile miaka ya kabla kampeni haijaanza. Mabango yalikuwa 880, na data zilitoka mwaka 2010 hadi 2017. Kwa makadirio yao, kampeni hiyo ilisababisha ajali 2,600 za ziada na vifo 16 vya ziada kila mwaka katika Texas peke yake. Athari ya kila bango, waliandika, inalingana na kuongeza kikomo cha mwendo kwa maili 3 hadi 5 kwa saa. Majimbo mengine zaidi ya ishirini yalikuwa yamewahi kuonyesha ujumbe wa namna hiyo.

Sasa kwa nini onyo lizae kile linachokikataza?

Mpe mtu bunda nene la noti ahesabu. Akifika katikati, msogelee umwambie kwa upole: "Hesabu vizuri, mwezi huu watu wengi wamepata hasara kwa kukosea hesabu." Maneno ni ya kweli, nia ni njema, na yanahusu kazi ileile aliyo nayo mkononi. Hata hivyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba atasimama, akutazame, halafu aanze upya. Hakulipuuza onyo. Amelichukua kwa uzito, na uzito huo ndio ulioisukuma nje ile 146 aliyokuwa ameishikilia kichwani. Badilisha vipimo kidogo. Angekuwa na noti tano tu, onyo lisingemdhuru. Pengine angezikagua mara ya pili na kukushukuru. Ungemwambia kwamba ni mtu mmoja tu aliyekosea, asingeduwaa kiasi kile. Na ukishaondoka, baada ya muda atatulia na vidole vitarudi kwenye mwendo wao. Tofauti yake na dereva ni kwamba mhesabu noti anaweza kuanza upya.

Mambo hayo yote yalijitokeza katika takwimu za Texas. Madhara yalikuwa makubwa pale barabara ilipokuwa na njia nyingi na magari ya kuingia na kutoka, yaani pale dereva alipokuwa na noti nyingi za kuhesabu. Yalikuwa makubwa zaidi namba kwenye bango ilipokuwa kubwa. Kwa kuwa vifo hujumlishwa kadiri mwaka unavyosonga, ujumbe ulizidi kudhuru mwezi hadi mwezi, kisha ukapoa hesabu mpya ilipoanza. Namba ikiwa ndogo na barabara ikiwa nyepesi, ajali zilipungua. Kwa hiyo bango lilelile liliweza kusaidia au kudhuru kutegemea mwezi na mahali liliposimama, jambo ambalo sidhani kama kuna aliyelifikiria siku ya uzinduzi.

Aina ya ajali nayo inatoa ushahidi. Zilizoongezeka ni zile za magari kugongana. Za gari moja kuacha barabara hazikuongezeka. Dereva aliyesinzia au aliyelewa huishia mtaroni. Dereva ambaye mawazo yake yameondoka kwa sekunde moja huteleza kidogo kuingia njia ya mwenzake, au huchelewa kukanyaga breki gari la mbele linapopunguza mwendo. Hayo ni makosa madogo ya mtu mzima wa akili aliyekuwa akifikiria kifo.

Ikumbukwe kwamba hakuna aliyeingia vichwani mwa madereva hao. Maelezo ya mzigo wa akili, yaani kwamba onyo lilijaza kichwa kilichokuwa na kazi nyingine, yanatokana na umbo la takwimu, na yanaingiana nalo vizuri, lakini hayo ni matokeo ya jimbo moja lenye barabara kuu za mwendo mkubwa. Kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni dakika 6. Utafiti huu hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo hadi kwenye ujumbe wa simu unaousoma ukiwa kitandani, wala kwenye hotuba ya askari shuleni.

Hapo ndipo swali linapogeuka. Je, hofu ni mbaya yenyewe, au ilifika mahali pasipofaa?

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Yale, waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda. Baadhi vilitisha sana, vingine kidogo. Kutisha kulibadilisha maoni: waliosoma vile vikali walisema kwamba chanjo ni muhimu na kwamba wanakusudia kuchanjwa. Wakaenda asilimia 3 hivi. Wengine walipewa hofu pamoja na ramani ya chuo yenye zahanati iliyozungushiwa duara, na wakaombwa wapange ni lini katika wiki yao watapitia hapo. Wakaenda asilimia 28 hivi. Kinachofurahisha ni kwamba hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na zahanati walikuwa wanaijua siku zote. Ramani haikuwaambia lolote jipya. Iliwapa tu hatua ya kufanya na hofu yao. Na maelekezo yaliyotolewa bila hofu yoyote hayakufua dafu pia, kwa hiyo hofu haikuwa bure. Ilihitaji mlango wa kutokea.

Dereva wa Texas hakupewa mlango. "Vifo 1,669" haisemi apunguze mwendo, aache nafasi mbele yake, au afunge mkanda. Inamwachia maiti 1,669 kichwani, na kikomo cha mwendo kinabaki kilekile.

Kenya ilijaribu njia nyingine. William Jack na James Habyarimana wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, baadhi zikiwa na picha za kutisha kwelikweli, zikimhimiza abiria apaze sauti dereva anapoendesha kwa hatari. Magari yaligawanywa kwa bahati nasibu: mengine yakapata stika, mengine hayakupata. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha madai ya bima yakipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilikuta upungufu wa robo hadi theluthi. Namba ilishuka jaribio lilipopanuka, kama inavyotokea mara nyingi, lakini robo ya ajali kwa bei ya stika si jambo dogo.

Hofu ni ileile. Msomaji ndiye aliyebadilika. Abiria hashiki usukani, kichwa chake kina nafasi, na ujumbe unampa la kufanya papo hapo: kusema. Tena stika inamwambia kitu ambacho hapo awali kila abiria alikiwaza peke yake, kwamba wenzake nao wameisoma na huenda watamuunga mkono. Binafsi naona hii ndiyo sehemu iliyo bora zaidi katika habari hii yote, maana waliofanya kazi ya kudhibiti mwendo hawakuwa na bunduki, kipima mwendo wala mshahara.

Kuna mtego mwingine, na huu unagusa zaidi ujumbe wa usalama mitaani kuliko wa barabarani. Katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, yenye miti ya kale iliyogeuka mawe, Robert Cialdini na wenzake walijaribu vibao viwili dhidi ya wageni wanaookota vipande. Kimoja kililalamika kwamba wageni wengi waliopita wamechukua mawe. Kingine kiliomba tu watu wasichukue. Penye lalamiko, vipande vilivyowekwa kama chambo viliibwa kwa asilimia 7.92. Penye ombi, asilimia 1.67. Ukitangaza kwamba wengi wanavunja sheria, umetangaza pia kwamba kuivunja ni jambo la kawaida. "Waendesha pikipiki wengi hawavai kofia ngumu" ni sentensi ya kweli ambayo mwendesha pikipiki asiye na kofia anaweza kuisoma kwa faraja.

Haya yote hayana maana kwamba polisi wanyamaze. Ross Phillips na wenzake nchini Norway walikusanya tafiti 67 za kampeni za usalama barabarani, na mwaka 2011 wakakadiria kwamba kwa wastani kampeni huambatana na upungufu wa ajali wa asilimia 9. Zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa na mazungumzo ya ana kwa ana, au ziliufikisha ujumbe barabarani kwenyewe. Ndiyo, barabarani, na hilo linakwaruzana kidogo na Texas. Nadhani suluhu ni kwamba "punguza mwendo, shule mbele" na "vifo 1,669" zote ni maandishi ya barabarani, lakini ya kwanza inaisha pale mguu unapoachia mafuta.

Mara nyingi mafanikio ya picha za kutisha hushindwa kutenganishwa na mafanikio ya askari. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza matangazo makali ya televisheni mwishoni mwa mwaka 1989, na vifo vikashuka. Wakati huohuo polisi walikuwa wakiwasimamisha madereva bila kuchagua na kuwapima ulevi kwa wingi. Dereva aliyeona tangazo jioni na kipima ulevi kesho yake, nani atajua kipi kilimtisha?

Marekani yenyewe imeanza kuyaangalia mabango yake upya. Toleo la Desemba 2023 la mwongozo wa taifa wa alama za barabarani linashauri mabango ya kielektroniki yasitumie mizaha wala mafumbo ambayo dereva atahitaji muda kuyaelewa. Majimbo kadhaa yalikuwa yamehamia kwenye utani, na baadhi ya utani huo ulikuwa mzuri mno. Dereva anayecheka naye amepoteza hesabu ya noti zake.