Je, wajua kwa nini kwa mwanamke mwezi mmoja hupevuka yai moja tu?

Juzi sokoni Majengo, hapa Dodoma, muuza kuku alimpasua tetea wa kienyeji aliyetoka Singida. Upande wa kushoto, karibu na uti wa mgongo, palikuwa na kishada cha viini: kimoja kikubwa kinachokaribia kutoka, cha pili kikiwa kidogo kuliko hicho, cha tatu kama zabibu, vikaendelea kupungua hadi punje za uwele. Foleni kabisa, kila kimoja na siku yake.

Mwanamke naye ana foleni, ila yake ina ukatili. Kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua pamoja, na kwa kawaida kinafika kimoja. Vingine hunyauka. Nani anachagua?

Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni mbili: FSH na LH. Ukuta wa kifuko una aina mbili za seli. Za nje, ziitwazo theka, huitikia LH na kutengeneza androjeni, zile tunazoziita homoni za kiume. (Ndiyo, ovari, kiungo chenye vifuko hivyo, hutengeneza homoni za kiume, na bila hizo za kike hazipatikani.) Seli za ndani, granulosa, androjeni hazina. Zenyewe zikiamshwa na FSH hutoa kimeng'enya cha aromatesi, kinachogeuza androjeni za jirani kuwa estrojeni, homoni ya kike. Wakulima wa zabibu wa huku wanaelewa: mmoja ana shamba, mwenzake ana mashine ya kukamua.

Sasa fitina inaanza. Estrojeni hiyo, ikisaidiwa na homoni ya inhibini, husafiri kwenye damu hadi juu, kwenye ubongo na pituitari, na kuagiza FSH ipunguzwe. Vifuko vilivyochelewa hukosa riziki. Kilichotangulia kimeshajiwekea vipokezi vingi vya FSH, yaani milango ya kuipokelea, na granulosa zake zimeanza kuotesha vya LH pia, kwa hiyo kidogo kilichobaki kinakitosha. Kimepanda ngazi, kikaivuta.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: estrojeni ikipanda sana na kubaki juu kwa takriban siku mbili, ubongo uliokuwa ukibana huachia. LH hufurika, na baada ya saa 36 hivi yai hutoka. Homoni ile ile, amri mbili zinazopingana. Kwa kuku, kazi hiyo ya kufungulia LH hufanywa na homoni nyingine, projesteroni, ya kile kiini kikubwa kuliko vyote.

Madaktari hutumia ujanja huu huu. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki anaweza kupewa klomifeni, dawa inayoufanya ubongo usiione estrojeni iliyopo. Ukidhani imepungua, unaongeza FSH. Ndiyo maana wanaoitumia hupata mapacha mara nyingi kuliko wengine: ngazi imechelewa kuvutwa, wakapanda wawili.