Acheni Kutafuta Majasusi kwa *#21#

Juzi mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia saa nne usiku sauti ikimtetemeka. Kundi la familia lilikuwa limemletea ule ujumbe ambao sote tumeshauona: bonyeza *#21#, ukiona kitu usichokielewa ujue simu yako inasikilizwa. Akabonyeza, akaona mistari asiyoielewa, usingizi ukaruka. Sijui ni mtu wa ngapi mwaka huu.

Msimbo huo unauliza jambo moja tu: simu zinazoingia kwenye laini hii zimedaivatiwa kwenda namba nyingine? Swali linakwenda kwenye hifadhidata ya wateja ya mtandao wako, linajibiwa, basi. Majibu huja kwa mafungu, sauti, data, SMS, hata faksi, na watu hutishwa na orodha yenyewe, kana kwamba faksi ndiyo jasusi. Wanaobonyeza *#62# ndio hupagawa zaidi, maana pale namba ngeni mara nyingi ipo kweli. Kwa kawaida ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni yako ya simu, inayopokea wakati wewe hupatikani.

Mdukuzi wa kweli haachi alama hapo. Mwaka 2017 kule Ujerumani, wezi waliokwisha kuiba nywila za benki waliingilia SS7, mfumo wa mitandao kuwasiliana uliobuniwa miaka ya 1970, kampuni za simu zilipokuwa chache na zikiaminiana. Wakazivuta SMS za benki za wateja wa O2-Telefónica zije kwao, wakahamisha pesa. Waathirika wangebonyeza *#21# mpaka kidole kiote sugu, wasingeona kitu. Tiba ya SS7 iko kwa kampuni za simu, zinazopaswa kuchuja amri za kutiliwa shaka zinazotoka mitandao ya nje. La kwako ni kuacha kupokea namba za uthibitisho kwa SMS pale penye programu ya kuzitengeneza ndani ya simu.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba ujumbe huu unawazoesha watu kubonyeza chochote wanachotumiwa. Tapeli anapiga, anajifanya wa huduma kwa wateja: "Bonyeza nyota nyota 21 nyota, weka namba hii, malizia na reli." Ukifanya hivyo umeshadaivati simu zako kwake kwa mkono wako mwenyewe. Kisha anaiambia WhatsApp itume namba ya uthibitisho kwa kupiga simu, na simu inaita kwake. Shikeni hili: *# huuliza, ** huwasha, ## hufuta. Ukishuku kitu, ##002# hufuta daivati zote, pamoja na ile ya ujumbe wa sauti, ambayo utairudisha baadaye ukiitaka.

Mengine nayapitia haraka. Eti ukipokea simu ya nje ya nchi laini yako inanakiliwa. Hapana! Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walinakili laini ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, lakini kadi yenyewe walikuwa nayo mkononi, na iliwachukua saa nyingi. Anayekubipu kutoka nchi usiyo na ndugu anataka umpigie ulipe dakika za bei mbaya.

Wengine husema: "Mimi niko 4G, mnara bandia haunihusu." Huo ni kifaa kinachojifanya mnara wa kampuni ya simu ili kunasa simu za watu. Simu nyingi bado zinakubali kushushwa hadi 2G, mtandao wa kizazi cha zamani, ambako simu hujitambulisha kwa mnara lakini mnara haulazimiki kujithibitisha kwa simu. Tangu Android 12, baadhi ya simu zina kitufe cha kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Izime 2G, ila iwashe ukienda kijijini ambako hakuna mtandao mwingine.

Halafu kuna wale wanaosema laini ikikata mtandao ni mnara tu, watalala itarudi asubuhi. Kama jirani mwenye mtandao huohuo anapata na wewe huna, huenda kuna mtu ameirenew laini yako kwa jina lako. Azima simu usiku huohuo, piga kampuni waifunge, kisha benki. Kwa Tanzania, bonyeza pia *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huo msimbo ndio ningependa kuuona kwenye makundi ya familia.