Je, wajua kwa nini wasiojibu dodoso huhesabiwa kila siku?

Linki ya dodoso kuhusu maisha ya masomo inaingia kwenye grupu la darasa, CR, yaani kiongozi wa darasa, anaandika "jamani jazeni", na kufikia jioni meseji imeshafunikwa na matangazo ya test na maswali ya bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, litaingia lini. Kesho yake ofisini kuna mtu anafungua jedwali kuangalia nani bado hajajibu, hata kabla ya kusoma jibu moja. Ya nini kujisumbua, na majibu mia kadhaa yameshaingia?

Ni kwa sababu wingi wa majibu hauonyeshi kama waliojibu wanafanana na walionyamaza. Tuseme chuo kimoja cha Mbeya kina wanafunzi 1,000: 700 wanalala hosteli, 300 wamepanga mageto huko Iyunga na mitaa ya jirani. Wa hosteli wanajibu 280, wa mageto 30. Jumla 310, yaani asilimia 31. Wanaulizwa kama wanaweza kusoma maktaba usiku. Hosteli, wanane kati ya kumi wanasema ndiyo. Mageto ni wawili tu kati ya kumi, maana akichelewa atarudi gizani kwa bodaboda, na nauli hiyo ndiyo hela ya kula kesho. Ndiyo zote ni 230 kati ya 310, asilimia 74. Wangejibu wote kwa uwiano huohuo, ndiyo zingekuwa 620 kati ya 1,000, asilimia 62. Ripoti inaisifia maktaba kupita kiasi, na wanaoumia zaidi ndio wasioonekana humo. Kwangu mimi huu ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Marekani waliliona hili mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt alimwacha mbali, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, na juu ya hilo, wapinzani wa Roosevelt ndio waliojitahidi zaidi kurudisha karatasi.

Kuhesabu kila siku kunasaidia kwa sababu majibu hayaji kwa mwendo mmoja. Huja kwa wingi mwanzoni, yakapungua, yakapanda tena kidogo kila ukumbusho unapotumwa. Mfuatiliaji akigawa hesabu kwa kozi, mwaka wa masomo na makazi, ataona mapema kwamba mageto wamekwama kwenye asilimia 10 huku hosteli wakifika 40. Hapo ukumbusho wa jumla hautoshi. Huenda watu hawana bando, na inabidi dodoso lipelekwe kwa karatasi mwisho wa kipindi.

Orodha ya wanaotumiwa dodoso nayo isafishwe kwanza. Walioahirisha masomo wakibaki humo, asilimia itashuka bila sababu.

Wengi huogopa kwamba kama ofisi inajua nani hajajibu, basi inajua na aliyemsema mhadhiri. Mfumo ukipangwa vizuri, namba ya siri inayoonyesha kwamba fulani amejibu hukaa mbali na majibu yenyewe, na viwili hivyo haviunganishwi. Wanafunzi waelezwe hivyo waziwazi, tena kabla ya kuulizwa chochote.

Dodoso likishafungwa, zipo hesabu za kurekebisha: kila jibu la geto lipewe uzito wa wanafunzi 10, la hosteli wa 2.5, na asilimia 62 inarudi. Ila kama wale 30 waliojibu ni wale waliopanga jirani kabisa na geti la chuo, uzito huo utakuza sauti yao tu, na anayekaa mbali atabaki nje ya hesabu. Huyo ni wa kutafutwa dodoso likiwa bado wazi.