Asteroidi mpya na obiti yake: kwanini asilimia za kugonga dunia zinapanda kwanza halafu zinaanguka

Mwanzoni mwa 2025 magrupu ya WhatsApp yalijaa habari za jiwe la angani, yani asteroidi, linaitwa 2024 YR4, mara asilimia 1, mara 2, mara 3.1, halafu ndani ya siku chache likawa si tishio tena na watu wakaanza "NASA wanaficha kitu hawa". Hakuna aliyeficha. Asilimia kupanda halafu kudondoka ndo hesabu hii inavyotembea mara nyingi, tatizo ni kwamba vichwa vya habari vinaichukua ile namba kama vile jiwe lenyewe limebadilisha mawazo huko juu likaamua kutufuata.

Tuanze na linavyoonekana. Teleskopu za kazi hii zinapiga picha eneo moja la anga mara tatu nne hivi ndani ya kama saa moja. Nyota zinabaki palepale, asteroidi inahama kidogo, kompyuta inaikamata kwa huko kuhama. Vipimo vinatumwa Minor Planet Center, kule Massachusetts Marekani, ambao ndo wanatunza rejista ya dunia nzima na ndo wanatoa jina. Hilo 2024 YR4 sio namba za kubahatisha: Y ni nusu ya pili ya Desemba, na R4 ni hesabu ya ngapi kuripotiwa kwenye nusu mwezi hiyo, ukipiga unapata ya 117. Na ili iitwe ya karibu na dunia, obiti yake, yani njia yake ya kulizunguka Jua, lazima ilisogelee Jua kwa chini ya kilomita milioni 195 hivi. Mpaka sasa zinajulikana zaidi ya 40,000 na nyingi hazina mpango wowote na sisi.

Sasa shida inaanzia hapa. Picha inakuambia kitu kiko upande gani, haikuambii kiko mbali kiasi gani. Jiwe dogo lililo karibu na jiwe kubwa lililo mbali yanaweza kuonekana nukta ileile, yenye mwanga uleule. Kwahiyo baada ya usiku mmoja huna obiti moja, una rundo la obiti ambazo zote zinakubaliana na zile nukta zako, na kazi inayofuata ni kurudi kesho, keshokutwa, wiki ijayo, mwezi ujao, maana kadri kipande cha njia ulichokiona kinavyorefuka ndo obiti za uongo zinavyojifuta zenyewe. Halafu kuna suala la muda: ukikosea kasi ya jiwe kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, zidisha kwa miaka 8 unapata kama kilomita 2,500, na hapo bado hujaweka mvuto wa sayari unaoongezea chumvi kwenye kosa.

YR4 ilionwa na teleskopu ya ATLAS iliyoko Río Hurtado, Chile, tarehe 27 Desemba 2024. Cha kuchekesha ni kwamba ilikuwa imeshatupita, siku mbili nyuma yake ilikatiza kwenye umbali wa zaidi ya kilomita 800,000. Yani walikuwa wanapima kitu kinachoondoka na kufifia kila siku. Tarehe yenye wasiwasi ilikuwa 22 Desemba 2032, na hesabu za mwanzo ziliweza kusema tu kwamba siku hiyo jiwe litakuwa mahali fulani kwenye mstari mrefu sana, na dunia yetu yenye upana wa kilomita 12,742 ilikuwa ni kidoti ndani ya mstari huo. Mwishoni mwa Januari ikavuka asilimia 1. Tarehe 18 Februari ikafika 3.1, ambayo ni karibu 1 kati ya 32.

Kwanini ilipanda? Chukulia bahati nasibu ina majina 1,000 na lako limo. Wanaanza kutoa majina ya waliokosa, yanabaki 100, bado umo, yanabaki 32, bado umo. Nafasi yako imetoka 1 kwa 1,000 mpaka 1 kwa 32 na wala hujafanya chochote. Kila kipimo kipya cha YR4 kilikuwa kinaufupisha ule mstari, dunia ikawa bado iko ndani, basi ikawa inachukua sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki. Halafu tarehe 20 Februari mstari ukafupika mpaka dunia ikabaki pembeni kabisa, asilimia ikashuka mpaka 0.28, na siku nne baadae 0.004. Jiwe lenyewe muda wote huo lilikuwa kwenye njia yake ileile. Kwa maoni yangu ile 3.1 ilikuwa inatangaza zaidi hali ya vipimo kuliko hatari, japo siwalaumu waliotangaza, ukishapita asilimia 1 kwa jiwe la zaidi ya mita 10 utaratibu wa kimataifa unataka nchi zijulishwe.

Kusubiri usiku mpya sio njia pekee. Watu wanachimba picha za zamani kuona kama jiwe lilishapigwa picha bila mtu kujua, na hiyo ndo iliyomaliza presha ya asteroidi nyingine, Apophis: Desemba 2004 ilifika asilimia 2.7 kwa mwaka 2029, zikapatikana picha za Machi 2004, kesi ikafungwa. Pia kuna rada, inatuma mawimbi yanarudi, hapo unapata umbali na kasi moja kwa moja, kile ambacho picha haitoi. Vipimo vya rada vya 2021 viliiondoa Apophis kwenye orodha ya hatari kwa angalau miaka 100.

Na wakati mwingine obiti inajulikana ndani ya masaa tu. Tarehe 6 Oktoba 2008 teleskopu ya Arizona iliona jiwe la mita 4 hivi, 2008 TC3, vipimo vikamiminika kutoka kila kona na ndani ya siku hiyohiyo walishajua litaingia kaskazini mwa Sudan. Kesho yake alfajiri likaingia, kama masaa 19 baada ya kuonwa, likapasuka kwenye kilomita 37 juu ya jangwa la Nubia. Baadae wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walipanga mistari wakatembea jangwani wakifuata ile njia iliyokokotolewa, na vipande wakavikuta.

Apophis yenyewe itapita tarehe 13 Aprili 2029, kama kilomita 32,000 tu juu ya ardhi, chini ya setilaiti nyingi za TV. Inatokea upande wa Australia, inavuka Bahari ya Hindi na Afrika, na kama hakuna mawingu itaonekana kwa macho bila teleskopu.