Mkojo wa kwenye mfuko hausafishwi kwa sipro

Juzi tena. Kijana kamleta baba yake kutoka Ujiji, mzee wa tezi dume mwenye mpira wa mkojo, na mkononi ana sipro, vidonge vya kuua bakteria, aliyouziwa duka la dawa. "Nesi, mkojo wa mzee una mawingu na unanuka, nimeanza kumsafisha." Ana homa? Hana. Anatetemeka? Hapana. Kiuno kinauma? Hakiumi, na jana usiku kala ugali na migebuka kamaliza. Sasa tunatibu nini, mwanangu? Mfuko?

Wenye wagonjwa wa mpira, nisikilizeni. Kila siku mpira unapokaa kibofuni, kati ya wagonjwa 100, 3 hadi 7 huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Mwezi ukiisha, karibu wote wanao. Kwa hiyo kijiti cha maabara cha kupimia mkojo kikionyesha seli nyeupe za damu, kimetuambia tu kwamba mpira upo. Mawingu na harufu, hivyo hivyo. Kuwa na wadudu ni jambo moja, kuugua UTI ni jingine, na maisha yangu kazini yanaishia kwenye tofauti hiyo.

Wadudu hao hujijengea utando wa ute ndani na nje ya mpira, na dawa huupenya kwa shida. Sipro inaua walio dhaifu, sugu wanabaki na kuzaana. Siku homa ya kweli inakuja, dawa za vidonge hazifanyi kazi tena na familia inatafuta hela ya sindano. Muuza dawa hayupo hapo.

Halafu kuna mfuko kugeuka zambarau. Mama mmoja anayemuuguza mwanawe aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi alininong'oneza kuwa kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu, mama. Choo kikikaa sana tumboni, bakteria wa utumbo huvunja kirutubisho kiitwacho triptofani. Mabaki yake hupita kwenye ini, hutoka na mkojo, na wadudu wa kwenye mpira huyageuza rangi ya buluu na nyekundu. Zikichanganyika kwenye plastiki, unaona zambarau. Kama hana dalili nyingine, tunashughulikia kufunga choo na kubadili mpira na mfuko. Rangi yenyewe haiui.

Kinachotupeleka kwenye dawa ni homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au chini ya kitovu, mzee kuchanganyikiwa ghafla. Aliyevunjika uti wa mgongo huenda asihisi maumivu: angalia miguu kukakamaa kuliko kawaida. Akitoka jasho usoni huku kichwa kikimgonga vibaya, mkalishe, angalia kama mpira umejikunja au umeziba, na mkimbize hospitali. Mkojo wa kuotesha, yaani wa kupima maabara ni bakteria gani, uchukuliwe kwenye mpira mpya, si kwenye mfuko uliokaa tangu juzi.

Kuzuia mnakujua: mikono kwa sabuni kabla na baada, maji na sabuni ya kawaida pale mpira unapoingilia, usichomoe ovyo kiungio cha mpira na mfuko, mwaga mfuko kabla haujajaa. Na mfuko ukae chini ya kibofu bila kugusa sakafu. Naona watu wanashuka kwenye bajaji pale Mwanga wameupakata kifuani kama mkoba wa sikukuu, mkojo wote umerudi kibofuni!

Kinga kubwa kuliko zote ni kuutoa mpira, na hilo halisemwi. Ulizeni kila mara: bado unahitajika? Kwa vijana wenye mikono mizima, mara nyingi ni bora kujiwekea mpira mara kadhaa kwa siku na kuutoa kila mkojo ukiisha, kuliko kuuacha ukae. Tangu 1972, daktari Jack Lapides wa Michigan alipoonyesha kuwa usafi wa kawaida unatosha, hakuna sababu ya kuliogopa.

Kuna mgonjwa mmoja tu anayenitoa jasho: mzee asiye na homa, asiyelalamika, ila leo kakataa chakula na kalala tu. Vitabu vinasema subiri, mpe maji, tafuta sababu nyingine. Mara nyingi nasubiri. Mara nyingine daktari anabadili mpira na kuanza dawa siku hiyo hiyo, kesho yake mzee anaomba uji, na hatuwezi kusema ni dawa, ni mpira, au ni usingizi mzuri tu.